Viongozi wa AMCOS wanafuja ushuru wetu: je, ni wizi, na tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwanachama wa chama cha msingi cha ushirika cha korosho (AMCOS) wilayani Newala. Kila msimu tunakatwa ushuru wa chama kwa kila kilo. Mwaka huu viongozi wamekwenda semina Dodoma na Arusha zaidi ya mara moja, wamenunua Noah wanayosema ni ya chama lakini inalala kwa meneja, na mkutano mkuu wameufanyia hotelini Mtwara mjini wakati sisi tuko kijijini. Ghala letu bati zimetoboka na mizani ni ya kubahatisha. Tukiuliza tunajibiwa "mkutano ulipitisha". Je, huu si wizi? Tufanye nini? Vijana wanasema tusipeleke tena korosho chamani. Halafu mimi nina mtihani wangu peke yangu: mwenyekiti ni mjomba wangu, tumbo moja na mama.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na hilo neno wanalojikingia, kwamba mkutano ulipitisha. Usilidharau. Nimekagua vitabu vya vyama vya msingi katika mikoa hii miwili ya Mtwara na Lindi, Tandahimba na Masasi mpaka Nachingwea na Liwale, na mara nyingi neno hilo lilikuwa kweli tupu. Muhtasari upo, orodha ya mahudhurio ipo na sahihi zake, na katikati ya ukurasa kuna mstari mmoja: "Gharama za utawala na uendeshaji, shilingi 22,000,000. Wajumbe waliafiki." Semina zako za Dodoma zimo humo. Noah imo humo. Hata soda alizokunywa mgeni rasmi zimo humo.

Unajua jinsi inavyokuwa. Mkutano umeitwa saa tatu, unaanza saa tano. Meneja anasoma taarifa ya mapato na matumizi mbiombio. Nakala zipo tatu na zote ziko meza kuu. Harufu ya pilau imeshaingia ukumbini, na kila mtu anajua nauli inagawiwa baada ya kufunga. "Wanaoafiki?" Mikono juu. Anayesimama kuuliza anazomewa na wenzake kwamba anawachelewesha. Mwezi mmoja baadaye mtu huyohuyo aliyezomea anakaa kijiweni kulalamika kuwa ushuru wake unaliwa.

Kwa hiyo swali la wizi siwezi kulijibu kwa kusikia tu kuwa kuna gari na safari. Mkaguzi huyagawa matumizi ya namna hii mafungu matatu, na kila fungu lina mlango wake. Kuna anasa iliyopitishwa: fedha imetumika vibaya, lakini mliiruhusu wenyewe, na dawa yake ni kura yenu. Kuna matumizi yaliyozidi makisio, au yaliyochotwa kasma, yaani kifungu cha bajeti, ya ukarabati wa ghala yakapelekwa kasma ya safari bila idhini. Hapo sheria ya ushirika imevunjwa na Mrajis, msimamizi wa serikali wa vyama vya ushirika, ana meno. Na kuna malipo hewa, yaani safari isiyosafiriwa, risiti ya kughushi, semina ya watu watatu iliyolipiwa watu saba. Hiyo ndiyo jinai. Ukienda TAKUKURU na malalamiko ya fungu la kwanza utarudishwa mikono mitupu, na viongozi watatangaza kijiji kizima kwamba wamesafishwa.

Kabla ya kupigana, fanya hesabu. Tuseme chama chenu kimekusanya kilo 500,000 na ushuru wake ni shilingi 50 kwa kilo. Hiyo ni milioni 25 kwa msimu. Wewe mwenye kilo 1,200 umechangia shilingi 60,000, kiasi ambacho kikikatwa kidogokidogo kwenye malipo ya mnada hukioni, na ndiyo sababu hasira huchelewa kuja. Sasa tuseme Noah imenunuliwa kwa milioni 18. Asilimia 72 ya ushuru wa msimu mzima imekaa kwenye magurudumu manne. Ukitaja "ufisadi" mkutanoni watu wanapiga makofi na kusahau. Ukitaja asilimia 72, na bati za ghala zingegharimu kiasi gani, watu wananyamaza wakifikiri. Weka tarakimu zenu halisi mahali pa hizi zangu.

Ila katika hesabu hiyo uwe mwangalifu na jambo moja ambalo limewaangusha walalamikaji wengi. Makato yote unayoyaona kwenye mjengeko wa bei si ya chama chenu. Kuna ushuru wa halmashauri, kuna fungu la chama kikuu, ambacho kwenu ni TANECU, kuna gharama za ghala kuu, usafirishaji, magunia na mengine yanayopangwa kabla ya msimu. Mwanachama akisimama na kusema "mwenyekiti, mmetukata mia kadhaa kwa kilo, mmezipeleka wapi?", mwenyekiti atamjibu kwa raha kabisa, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha hiyo haikupita mkononi mwake. Swali limekufa, na aliyeuliza ameonekana hajui kitu. Uliza ushuru wa chama cha msingi peke yake.

Sasa tuingie kwenye karatasi, maana huko ndiko ukweli ulipo. Kila shilingi inayotoka chamani inatakiwa iwe na hati ya malipo, na hati ya malipo bila viambatisho haisemi lolote. Nikupe mfano wa hati ambayo mkaguzi yeyote wa vyama vya kusini ataitambua. Imeandikwa: "Safari ya kikazi Dodoma, wajumbe watatu, siku tano, shilingi 1,950,000." Imeidhinishwa na mwenyekiti, ambaye pia ni mmoja wa wajumbe hao watatu. Unaigeuza nyuma: hakuna barua ya mwaliko, hakuna tiketi ya basi, hakuna taarifa ya safari. Unafungua daftari la masurufu, yaani fedha za safari anazopewa mtu kwanza kisha azitolee hesabu: fedha imetoka, marejesho hayapo. Halafu unafungua daftari la mahudhurio ya ghala unakuta mmoja wa wasafiri amesaini kupokea korosho kijijini siku ileile aliyotakiwa kuwa Dodoma. Hapo huhitaji kupaza sauti. Hati hiyo imeshahama kutoka fungu la kwanza kwenda la tatu yenyewe.

Kuhusu Noah, maswali ya maana ni machache. Kadi ya gari imeandikwa jina la chama au la mtu? Ununuzi ulikuwa na kasma yake kwenye makisio, au ulitokea tu? Walipata bei za wauzaji wangapi kabla ya kuchagua? Kitabu cha safari za gari kipo, na kilomita zake zinalingana na mafuta yaliyolipiwa? Gari kulala kwa meneja si kosa moja kwa moja. Kama ofisi haina uzio wala mlinzi, bodi inaweza kuamua hivyo, lakini iwe imeamua kwa maandishi. Kama inapeleka watoto wa meneja shule kwa mafuta ya chama, hilo litaonekana kwenye kilomita, hata dereva asiposema.

Posho nazo nizisemee, maana najua vijana wenu wangependa zifutwe zote. Mimi siungi mkono. Mjumbe wa bodi anayeacha shamba lake wakati wa kupuliza salfa ili akae kikao siku nzima anastahili kufidiwa, na chama kinachowanyima viongozi posho halali kinawasukuma kutafuta haramu kwenye mizani na magunia. Kinachotakiwa ni kiwango kilichoandikwa na idadi ya vikao vilivyopangwa. Semina pia zina faida zake. Lakini mkufunzi mmoja akiletwa Newala unalipia nauli na malazi ya mtu mmoja. Wajumbe tisa wakipelekwa Arusha unalipia tisa. Nanenane ya Kanda ya Kusini iko Ngongo, Lindi, na nauli ya basi inatosha kufika. Kiongozi anayechagua kila mara safari ya mbali kwa jambo linalopatikana karibu aulizwe alileta nini. Na mkutano mkuu kufanyika hotelini mjini, mbali na wanachama, kwangu una ubaya kuliko gharama yake: unapunguza wanaofika, na wanaofika wanakuwa wamelipiwa nauli na wale wanaotakiwa kuwahoji.

Msidhani haya ni ya korosho tu wala ya vijijini. Marekani kuna chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, chenye mamilioni ya wanachama wanaolipa ada. Kiongozi wake, Wayne LaPierre, alikiongoza kwa miongo mitatu hivi. Mwaka 2020 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York alifungua kesi akidai viongozi wanatumia fedha za wanachama kwa ndege za kukodi, likizo na mavazi. Februari 2024 jopo la raia mahakamani (jury) lilimkuta LaPierre na hatia ya kimadai, akatakiwa kurejesha zaidi ya dola milioni 4. Alikuwa ameshajiuzulu mwezi uliotangulia. Lililonivutia mimi kama mkaguzi ni njia iliyotumika. Suti za zaidi ya dola 200,000 kutoka duka la Beverly Hills hazikuonekana kwenye vitabu vya chama kama suti. Zililipwa na kampuni ya matangazo iliyokuwa ikifanya kazi za chama, kisha kampuni ikaleta ankara ya jumla na chama kikalipa.

Njia hiyo tunayo hapa, kwa sura ndogo. Mzabuni wa magunia, mwenye lori la kusafirisha korosho kwenda ghala kuu, mwenye stationari ya mjini: mmoja wao ananunua kitu cha kiongozi, halafu ankara yake kwa chama inavimba. Kwenye taarifa mtaona "usafirishaji" na mtaridhika, kwa kuwa korosho kweli zilisafirishwa. Kwa hiyo mkishamaliza kasma ya safari na posho, angalieni ankara kubwa tatu za wazabuni. Tani zilizosafirishwa mnazijua kutokana na stakabadhi za ghala. Gawanyeni fedha kwa tani mlinganishe na anacholipa chama jirani. Ikiwa jirani analipa nusu yenu kwa umbali uleule, mmeshapata pa kuanzia.

Sasa hatua. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 inauweka mkutano mkuu juu ya bodi na juu ya meneja. Kwa hiyo anza chamani. Nenda ofisini kwa utulivu uombe kusoma masharti ya chama. Nakala ya masharti inatakiwa iwepo na mwanachama haizuiliwi kuiona. Humo utakuta idadi ya wanachama wanaoweza kuitisha mkutano mkuu maalumu na muda wa kutoa taarifa. Kisha andikeni barua kwa bodi, wanachama kumi au ishirini, si wewe peke yako. Barua iwe fupi, isiwe na jina la mtu wala neno "wizi". Ombeni makisio yaliyopitishwa, barua ya Mrajis ya kuyaidhinisha, mchanganuo wa kasma ya safari, posho na ununuzi wa gari, na taarifa ya mwisho ya ukaguzi wa nje. Pelekeni nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ibaki kwenu. Bila muhuri huo, miezi sita baadaye mtaambiwa hamkuwahi kuandika.

Hiyo barua ya Mrajis naomba uitilie mkazo, kwa sababu wanachama wachache sana huiulizia. Makisio ya chama, pamoja na ukomo wa madeni, yakishapitishwa na mkutano hupelekwa kwa Mrajis ayaidhinishe. Mara nyingi Mrajis Msaidizi wa Mkoa hupunguza: anakata safari, anaweka sharti kwenye ununuzi wa gari. Barua inarudi, inawekwa kwenye faili, na chama kinaendelea kutumia kwa makisio ya zamani. Mjumbe anayesema "mkutano ulipitisha" akiwa na barua hiyo kabatini anasema nusu ya habari. Nimekuta vyama ambavyo kesi nzima ilikuwa kwenye karatasi moja ya namna hiyo.

Taarifa ya ukaguzi nayo msiishie kwenye aina ya hati. Chama kinaweza kupata hati inayoridhisha na bado kikawa na anasa ya kutisha, kwa kuwa mkaguzi anapima kama hesabu zinaonyesha hali halisi, hapimi kama Noah ilikuwa na busara. Fungueni sehemu ya hoja za ukaguzi, mwishoni, ile isiyosomwa mkutanoni kwa sababu "muda umekwisha". Huko COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, au mkaguzi mwingine wa nje ameandika masurufu yasiyorejeshwa na malipo yasiyo na viambatisho, pengine kwa miaka miwili mfululizo. Hoja inayojirudia mwaka wa pili ni silaha kuliko tuhuma kumi za kijiweni.

Bodi isipojibu, au ikijibu kwa vitisho, nenda kwa Afisa Ushirika wa wilaya ukiwa na nakala yenye muhuri, kisha Mrajis Msaidizi wa Mkoa, Mtwara. Mrajis anaweza kuagiza uchunguzi, na kiongozi aliyetumia fedha kinyume cha sheria anaweza kutakiwa aifidie kutoka mfukoni mwake. Mkiwa na dalili za fungu la tatu, malipo hewa, TAKUKURU wanapokea taarifa kwa simu 113 bila malipo, na tangu mwaka 2015 kuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Pelekeni nakala. Ukichomoa hati halisi ofisini wewe ndiye utakuwa mshitakiwa wa kwanza.

Kuhusu wazo la vijana la kutopeleka korosho chamani, naelewa hasira, ila hebu wajibu korosho zitakwenda wapi. Zitakwenda kwa kangomba, mlanguzi wa korosho, ambaye ananunua kwa bei yake na kipimo chake, na biashara hiyo ni kosa kisheria. Mtakuwa mmemuadhibu mwenyekiti kwa kupoteza fedha zenu, naye atabaki mwenyekiti wa chama chenye wapigakura wachache, ambao ni watu wake. Hasira za fujo tulishaziona: mwaka 2013 Liwale nyumba za watu zilichomwa kwa ugomvi wa malipo ya korosho, na malipo hayakuongezeka kwa moto huo. Wala kuvunja chama si jambo jipya. Serikali ilivifuta vyama vikuu vyote vya ushirika mwaka 1976, na miaka michache baadaye ikabidi virudishwe. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1966, tume ya Rais iliyochunguza vyama hivi ilitaja miongoni mwa kasoro kubwa kwamba wanachama hawajui haki zao wala mambo ya chama chao. Vijana wenye nguvu ya kususia wana nguvu ya kugombea. Wachukue fomu za bodi uchaguzi ukifika, na mmoja wao anayejua hesabu asimame hasa kwa ajili ya usimamizi wa fedha.

Wakati wa kupigana ni mkutano wa makisio, siyo ule wa kusomewa matumizi. Kwenye matumizi fedha imeshakwenda. Kwenye makisio bado iko juu ya mti. Gawaneni maswali: mmoja ashike safari, mwingine gari, mwingine ghala na mizani. Kila mmoja awe na hoja ya kupigiwa kura, kwa mfano "kasma ya safari isizidi kiasi fulani, na kila safari iletewe taarifa ndani ya siku kumi na nne", na msikubali kusonga kabla katibu hajaiandika kwenye muhtasari. Ombeni pia gharama za utawala zisomwe kasma kwa kasma. Hilo peke yake litafuta nusu ya safari, kwa kuwa hakuna anayependa kusoma kwa sauti "posho ya Arusha, milioni sita" mbele ya watu ambao ghala lao linavuja.

Nimeacha la mjomba mwisho kwa sababu ndilo gumu, na kwa Wamakonde mjomba si ndugu wa pembeni. Watakaokuita msaliti hawatakuwa wanachama, watakuwa wa nyumbani. Ushauri wangu: usiwe wewe wa kusoma barua mkutanoni, wala sahihi yako isiwe ya kwanza. Weka katikati ya orodha. Lakini usijifiche pia, maana atajua. Nenda kwake kabla barua haijafika ofisini, jioni, peke yako, pengine mama akiwepo, umwambie wanachama wanaandika na wewe umetia sahihi. Mweleze wanataka karatasi zipi. Kama karatasi anazo, utakuwa umempa siku kadhaa za kuzipanga, na huo ni msaada wa kweli kwa mjomba. Akikuomba ufute sahihi, mjibu kwa adabu kwamba huwezi. Na akikueleza, kama ninavyoshuku kwa barua yako, kwamba gari ni mradi wa meneja na yeye alisainishwa tu, mwambie aiseme habari hiyo kwenye kikao cha bodi na iandikwe, mapema, kabla Mrajis hajaagiza uchunguzi. Mwenyekiti anayesema hivyo kwenye muhtasari wa bodi na mwenyekiti anayesema hivyo mbele ya wachunguzi hawapokelewi sawa.